Wimbi la Nyuma

Jovitha hakukulia majini. Alizaliwa Mabira, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na maji mengi kuliko yote aliyoyajua utotoni yalikuwa yale ya pipa la kupoozea injini ya mashine ya kusaga ya baba yake. Mashine ile ndiyo iliyomsomesha. Akiwa darasa la tano aliweza kusimama nje ya kibanda, macho ameyafumba, akakwambia kama mahindi yaliyomiminwa ni makavu au yana unyevu, kwa kusikiliza tu namna injini inavyolalamika. Baba yake alipofariki, mashine iliuzwa. Jovitha akaolewa na Nestory, mkulima wa huku chini karibu na ziwa, na kwa miaka kumi na tano masikio yake yakakaa bila kazi.

Kisha kijiji kikapata boti. Ilikuwa ya mbao, yenye nafasi ya watu kumi na mizigo yao. Haikuwa na injini ya kuning'inizwa nyuma kama za wavuvi. Injini yake ya dizeli ilikaa ndani, katikati, chini ya sanduku la mbao, na shafti yake ilipita chini ya sakafu mpaka nje kwenye pangaboi. Siku ya kwanza ilipowashwa pale mwaloni Kashenyi, boti zinapotia nanga, Jovitha alikuwa mtoni akifua, akainua kichwa. Alikuwa amesikia sauti ya nyumbani kwao.

Aliyeshika usukani alikuwa mzee Sebahire. Alikuwa amewaendeshea wafanyabiashara boti zao kwa miaka thelathini, na hakuna aliyelijua ziwa kama yeye. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kamati ya mwalo ikaamua atafutwe mtu wa kujifunza kwake, aje ashike nafasi yake pole pole. Jovitha alipojitokeza, baadhi ya watu walicheka. Sebahire hakucheka.

"Huyu anajua injini," alimwambia Rwegoshora, mwenyekiti wa kamati. "Ya maji nitampa mimi."

Kwa miezi saba wakawa pamoja karibu kila siku, wakivusha watu wa upande wa Kyerwa na kuwarudisha. Sebahire alifundisha kwa maneno machache. Wimbi la mbele, alisema, usilipe kifua, lipe bega. Pangaboi likikaribia kutoka majini punguza resi kabla halijatoka, maana ukichelewa injini itapiga kelele kama imechomwa na utaichosha bure. Ukitaka kugeuza kwenye maji machafu, subiri. Mawimbi huja kwa makundi. Makubwa yakishapita, geuza kwenye lile dogo linalofuata, na ukishaanza usibadili mawazo katikati. Jovitha alishika kila neno. Mikono yake ilikosea, ikarekebishwa, ikakosea tena, mpaka ikafika siku mzee akawa anasinzia kwenye benchi huku yeye akivuka katikati ya ziwa.

Naye alimlipa kwa alichokuwa nacho. Alimfundisha Sebahire kutoa hewa kwenye bomba la dizeli, kukaza mkanda wa injini, kutazama maji yanayopenya pale shafti inapotokea nje, na kujua ni matone mangapi ya kawaida na mangapi ya hatari. Hakuweka kitu pembeni. Mzee alikuwa mjane, na Jovitha hakuwa na baba. Jumapili, yeye akitoka kwa Walutheri na mzee akitoka kwa Wakatoliki, alimpelekea bakuli la ndizi na maharage, akamtia dawa ya matone machoni, akakaa kidogo kumsikiliza. Nestory alizoea kutania kwamba siku hizi ameongezewa baba mkwe bila kutoa mahari.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Jovitha hakulifanya kwa mkono wake hata mara moja.

Ziwa lile ni refu na jembamba, na Kashenyi iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Mbele ya mwalo kuna fungu la mchanga lililojificha chini ya maji. Upepo wa kusini ukivuma mchana, hasa Juni na Julai, mawimbi husafiri urefu wote wa ziwa, na yakifika kwenye fungu huinuka, hujikunja, huvunjika. Boti inayorudi nyumbani huwa imeyapa mgongo. Kila walipofika hapo na upepo upo, Sebahire aliamka.

"Nipe usukani. Wewe nenda mbele na upondo, unipimie kina."

Jovitha alikwenda mbele, akausimika mti ule mrefu majini na kutangaza kina, mgongo wake ukiwa kwa mzee. Kwa hiyo hakuona mzee alifanya nini. Ila alisikia. Kila walipoingia juu ya fungu, injini ilishuka.

"Baba, huwa unapunguza resi pale?" alimwuliza siku moja walipokuwa wanafunga kamba.

"Hapana. Pale unaipa injini resi yote. Wimbi likikufuata nyuma, likimbie. Kimbia mbele yake mpaka mchangani, usigeuze shingo."

"Mbona nasikia injini inashuka?"

"Ni uzito wa wimbi kwenye pangaboi. Inaelemewa."

Injini iliyoelemewa Jovitha aliijua tangu hajaota meno ya utu uzima. Hugugumia, hutema moshi mweusi. Ile haikugugumia. Ilishuka kwa ulaini, kama vile mtu ameirudisha kwa mkono. Lakini mzee alikuwa na miaka thelathini juu ya maji, yeye alikuwa na miezi. Akaamua kwamba sikio lake, lililozoea mashine ya nchi kavu, halijui mambo ya ziwani. Hakuuliza tena.

Kamati ilitangaza kwamba kuanzia Agosti Jovitha ndiye atakuwa nahodha, na Sebahire atapumzika. Mzee alipokea habari hizo vizuri. Alimpa Jovitha mkono mbele ya watu.

Alhamisi moja katikati ya Julai, saa kumi na mbili asubuhi, mzee alimpigia simu. Mgongo ulikuwa umembana, alisema, hata kuinama hawezi. Aende mwenyewe.

"Na upepo, baba?"

"Leo hakuna upepo wa maana. Utarudi salama."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa peke yake. Asubuhi maji yalilala kama uji uliopoa. Alivuka, akashusha watu, akangojea wa kurudi. Saa saba mchana alikuwa na abiria wanane na magunia manne ya maharage. Mmoja wa abiria alikuwa Benadeta, fundi wa nguo, aliyekuwa amebeba cherehani aliyoitoa kwa dada yake. Mwingine alikuwa mzee Hagenimana, mvuvi mstaafu wa pale pale Kashenyi. Wote wakavaa maboya. Walipofika katikati ya ziwa, upepo ulianza.

Mwanzoni haukumtisha. Mawimbi yalikuja nyuma yao, yakainyanyua boti na kuishusha, na Jovitha alihisi usukani ukimjibu. Alikuwa hata na furaha kidogo. Ng'ombe wa Kashenyi walianza kuonekana kwenye mteremko, kisha mabati, kisha watu. Halafu akaona mstari mweupe wa povu mbele yao, ukitokea na kupotea. Fungu.

Hakusita. Alifanya alivyofundishwa. Wimbi kubwa lilipoanza kumnyanyua nyuma, alisukuma resi mpaka mwisho.

Boti iliruka mbele. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili ilikwenda kama kitu kilichotupwa kutoka mlimani, ikashuka kwenye uso wa wimbi, na pua yake ikachoma maji ya bondeni, kati ya wimbi na wimbi. Hapo mbele ikasimama na nyuma ikaendelea kuja. Jovitha alihisi usukani umekuwa mtupu mkononi, hauna uzito, kama mpini uliochomoka kwenye jembe. Boti ikazunguka ubavu. Wimbi lililofuata likavunjika juu yao.

Watu waliangukiana. Benadeta alirushwa juu ya sanduku la injini, mkono ukavunjika kwa mlio ambao Jovitha aliusikia licha ya kelele zote. Cherehani iliteleza juu ya ukingo ikazama. Injini ilikohoa mara tatu, ikazimika.

"Upande huu wote," Jovitha aliita, akionyesha ubavu uliokuwa umeinuliwa na mawimbi. "Laleni juu ya ukingo. Msisimame." Sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyokuwa. Alitambaa mpaka mbele, akatupa nanga, akaachia kamba ndefu. Nanga iliburuta, ikaburuta tena, ikashika. Pole pole pua ya boti ikageuka kuutazama upepo, na mawimbi yakaanza kuwajia kutoka mbele, ambako angalau boti iliweza kuyapanda. Wanaume wawili wakaanza kuchota maji kwa ndoo.

Hagenimana alisogea karibu naye akiwa amelowa mpaka kofia.

"Mwanangu, nani alikufundisha kulikimbia wimbi?"

"Mzee Sebahire."

"Hapana," Hagenimana alisema.

"Ndivyo alivyoniambia. Resi yote, mpaka mchangani."

Hagenimana alikung'uta maji kofiani. "Sebahire mwenyewe haingii hivyo. Miaka kumi nimekuwa nikimwangalia nikiwa kwenye nyavu zangu. Anapunguza. Analiacha wimbi lipite chini yake, kisha analifuata kwa nyuma, anakaa mgongoni mwake. Hajawahi kulikimbia hata siku moja. Nawe waweke watu wote nyuma, pua iwe nyepesi."

Jovitha alifungua sanduku la injini kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Maji yalikuwa yamerukia chujio la hewa. Alilitoa, akalikamua, akaufuta mdomo wa hewa kwa kanga, akashika hendeli na kuzungusha. Mara ya nne injini ikaitika. Na alipoirudisha resi chini ili ipumue, aliisikia ile sauti. Ile ile. Kushuka kwa ulaini, kwa mkono wa mtu. Miezi saba alikuwa ameisikia, na sikio lake lilikuwa linamwambia ukweli muda wote.

Aliwapanga watu nyuma, na magunia nyuma. Benadeta alikaa sakafuni, mkono umefungwa kwa kitenge kifuani, midomo imekuwa ya kijivu. Wakavuta nanga. Jovitha aliitoa boti nje kidogo ya fungu, akasubiri makubwa yapite, akageuza kwenye dogo. Kisha akafanya kitu kigumu kuliko vyote, akapunguza mwendo huku wimbi likija nyuma yake. Lilimnyanyua. Mwili wote ulimwambia akimbie. Akauacha usukani umenyooka, akaliacha wimbi lipite chini, likateremka mbele yao na kuvunjika, na yeye akaongeza resi kidogo tu, ya kutosha kubaki mgongoni mwake. Wakaingia kwenye maji ya kahawia ya mwalo kama watu wanaotoka kanisani.

Nestory alikuwa ufukweni. Alitaka kumshika, Jovitha akamwomba kwanza atafute bodaboda ya kumpeleka Benadeta hospitali. Baada ya hapo alipanda mteremko, nguo zikimchuruzika, mpaka kwa Sebahire. Jua lilikuwa bado juu.

Mzee hakuwa kitandani. Alikuwa kwenye migomba, ameinama, anapalilia. Aliposikia nyayo alinyooka, jembe mkononi.

"Shikamoo," Jovitha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia makelele kule chini. Wote wazima?"

"Benadeta amevunjika mkono. Baba, mgongo umepona?"

Sebahire aliliegemeza jembe kwenye mgomba.

"Uliniambia nikimbie wimbi," Jovitha alisema. "Wewe hulikimbii. Kwa nini uliniambia hivyo?"

Alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa hasira, hata kwa kucheka. Mzee alikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, akaanza kuongea akiyatazama matope ya miguuni mwa Jovitha.

"Nilivuka mto Kagera nikiwa mgongoni mwa mama yangu, tukikimbia kwetu," alisema. "Ninyi mlikuwa na vibanja vya babu zenu. Sisi tulilima vya kuazima. Hapa ninapokaa niliazimwa, na siku wakitaka watachukua. Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Pale kwenye fungu. Mwenye boti, mwenyekiti, padri, wote wakifika pale walinyamaza wakautazama mkono wangu. Ningekupa hilo ningebaki nani?"

"Ungeniambia hutaki kunipa. Ningeelewa. Wewe ulinipa uongo."

"Sikutaka ufe, mwanangu, mwana wanjye. Nilijua leo upepo utakuja. Nilidhani utayaona mawimbi kule nje, utaogopa, utageuza ukalale ng'ambo, uniite nije nikutoe."

"Ulinifundisha miezi saba nisiogope."

Sebahire alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa analia, au macho yake mabovu yalikuwa yanatoa maji, Jovitha hakuweza kujua, na kwa mara ya kwanza hakuinama kutazama.

"Jumamosi kuna kikao," mzee alisema hatimaye. "Nitasema mwenyewe. Usiseme wewe. Niachie hiyo heshima, nisimame niseme kwa mdomo wangu."

Jovitha alikubali. Akiwa njiani kuteremka alijikuta tayari anapanga maneno ya kumwombea msamaha kwa kamati, kwamba ni mtu mzima, kwamba alilaghaiwa na hofu. Nyumbani Nestory alimwuliza kama ana hakika mzee atasema.

"Ameahidi," alimjibu.

Jumamosi watu walijaa kwenye banda la mwalo. Benadeta alikuja na plasta mpaka kiwikoni. Rwegoshora alifungua kikao kwa sala, akaeleza kilichotokea, kisha akamgeukia Sebahire kama mwalimu wa nahodha, aeleze.

Sebahire alisimama, akavua kofia.

"Mimi nilimfundisha kupunguza," alisema. "Nilimwambia si mara moja wala mbili. Pale unapunguza, unaliacha lipite. Nadhani aliingiwa na hofu akasahau. Si kosa lake. Maji yanataka muda. Labda tulifanya haraka."

Alisema kwa upole, kama anayemtetea mtu. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, mmoja akanong'ona kwamba mwanamke na ziwa ni vitu viwili. Jovitha alimtazama mzee akingoja macho yake yamgeukie, labda kuna neno linafuata. Mzee alikuwa anaikunja kofia.

"Mama Jovitha?" Rwegoshora aliita.

Alisimama. "Aliniambia niongeze resi. Nilimwuliza kwa mdomo wangu, akanijibu kwa mdomo wake. Na juzi, kwenye migomba yake, alikiri kwamba alinidanganya. Aliniomba nisiseme, kwamba atasema yeye leo."

Watu wakamgeukia Sebahire.

"Juzi alikuja kunijulia hali tu," Sebahire alisema. "Nilikuwa naumwa mgongo."

Aliyasema kwa sauti ile ile aliyofundishia kulipa wimbi bega. Sauti ya mtu asiyeharakisha, sauti ambayo Jovitha alikuwa ameifuata gizani na kwenye ukungu. Baadaye Jovitha hakukumbuka alivyokaa chini. Alikumbuka tu kwamba mkono wa Nestory ulikuwa begani mwake, na kwamba Hagenimana alisimama akaeleza alichokuwa anakiona kwa miaka kumi kutoka kwenye nyavu, na kwamba Rwegoshora alimshukuru akasema hilo linaonyesha Sebahire anajua kazi yake, halionyeshi alimwambia nini mwanafunzi. Neno la huyu na neno la yule. Kamati iliamua Jovitha asimame kwanza, mzee arudi kwenye usukani mpaka watakapoamua vingine.

Watu walidhani kinachomuuma ni usukani. Usukani ulimuuma, lakini kilichomkosesha usingizi ni kingine. Ikiwa alidanganywa kwa lile, je, mengine? Akiwa anapalilia maharage, alisimama ghafla. Lile la kusubiri makundi ya mawimbi lilikuwa kweli? Lile la ukungu, kwamba ukisikia vyura uko karibu na mafunjo? Hata hadithi za mzee kuhusu mama yake, hata kicheko cha mzee siku ya kwanza alipoonja ndizi za Jovitha. Kila kitu alichopewa na mzee yule alilazimika kukitoa tena, kukigeuza, kukinusa, kama mama anayechambua mchele uliomwagikiwa na mchanga.

Jumatatu alikwenda kwa Hagenimana.

"Shikamoo mzee. Nataka kukuuliza alichonifundisha, kimoja kimoja. Uniambie kipi cha kweli."

Hagenimana alikuwa na mtumbwi wa kupiga kasia na muda mwingi. Waliingia majini, na Jovitha akauliza. Wimbi la mbele ulipe bega? Kweli. Kugeuza kwenye dogo? Kweli. Kupunguza kabla pangaboi halijatoka? Yeye hakuwahi kuwa na injini, lakini kwa akili yake ni kweli. Vyura? Kweli kabisa. Siku tatu waliulizana hivyo, mpaka maswali yakaisha. Yote yalikuwa kweli. Sebahire alimfundisha vizuri, kwa uaminifu, kama baba, yote isipokuwa moja.

Hilo ndilo lililomliza. Mwongo mtupu angemtupa akamsahau. Huyu alikuwa amempa mkate mzima na kuweka kipande kimoja cha sumu, akijua ni kipi, akimtazama anavyokula, miezi saba.

Wiki iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Rwegoshora. Hakuomba arudishwe. Aliomba boti, tupu, siku yenye upepo mkali, na aje yeyote atakayetaka kuona. Rwegoshora alisita. Boti ikipasuka yeye ndiye angejibu. Benadeta, aliyekuwa ameongozana na Jovitha, akasema kwamba yeye atapanda.

"Na mkono huo?" Rwegoshora aliuliza.

"Ndiyo, huu huu. Huyu ndiye aliyenirudisha mchangani siku ile. Aliyenivunja ni aliyekuwa nyumbani."

Wakakubaliana mtihani uwe wa wote wawili, Sebahire na Jovitha, kila mmoja aingie mara tatu. Ijumaa upepo ulivuma tangu saa tano. Fungu lilikuwa jeupe lote. Watu walikaa kwenye nyasi za mteremko kama wanangoja mpira. Sebahire alifika, akasimama ukingoni mwa maji, akaweka kiganja juu ya macho. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akamwambia Rwegoshora kwamba leo upepo umezidi, hapana mtu mwenye akili atakayetoka. Watu wote waliona kwamba alikuwa anatazama kando kidogo ya mahali mawimbi yalipokuwa.

Jovitha alitoka. Benadeta na Hagenimana walikaa nyuma, Rwegoshora pia, akishika ukingo kwa mikono miwili. Akaingia mara ya kwanza, akageuza, akatoka tena, bega kwa wimbi, akaingia mara ya pili. Ya tatu wimbi kubwa lilimjia vibaya, la pembeni, na boti ikaanza kuzunguka. Akairudisha kwa usukani kabla haijalala ubavu, akangoja, akakaa mgongoni mwa linalofuata. Waliposhuka, Rwegoshora alikwenda kukaa mchangani, akaanza kukamua shati.

Jovitha alirudishiwa boti siku hiyo hiyo. Hakuna aliyesema kwamba Sebahire alikuwa amedanganya. Rwegoshora alisema tu kwamba yaliyopita yamepita, kwamba mzee ametumika sana na anastahili kupumzika kwa heshima, na kamati ikampigia makofi. Jovitha hakupiga. Alikuwa anafunga kamba.

Siku hizi ana mwanafunzi, mwanamume wa makamo anayeitwa Aimable, aliyekuwa kibarua wa mashambani Nyaishozi. Siku ya kwanza ya upepo alimpeleka moja kwa moja kwenye fungu, akamkalisha pale anapoweza kuona mkono wake kwenye resi, akamweleza kila anachofanya kabla hajakifanya. Aimable hasemi sana. Humwuliza jambo lile lile mara mbili, na Jovitha humjibu mara mbili.

Mwezi Novemba, asubuhi moja ya mvua za rasharasha, alikutana na Sebahire kwenye njia ya kuteremka mwaloni. Mzee alikuwa anatembea kwa fimbo, anaipapasa njia. Hawakuwa wameongea tangu siku ya kikao.

"Shikamoo," Jovitha alisema.

Mzee alisimama. Aliijua sauti. "Marahaba." Alingoja, akaona hakuna kinachofuata. "Bado unanichukia?"

"Sikuchukii."

"Basi siku moja upite nyumbani. Kuna mengine sijakwambia. Kuna ya upande wa mashariki, kule kwenye miamba. Sitaki nife nayo."

Jovitha alimtazama uso wake uliokonda, macho yenye ukungu yakimtafuta kidogo kando ya mahali alipo. Alijua kwamba pengine safari hii mzee alikuwa anasema kweli. Alijua pia kwamba hawezi kulichukua neno lake hata moja, hata angemwambia leo ni Jumanne.

"Mwambie Hagenimana," alisema. "Nitayasikia kwake."

Akampisha apite upande wa juu, penye ukavu, kisha akaendelea kuteremka. Chini abiria sita walikuwa wamekwisha panda, na Aimable alikuwa anafungua sanduku la injini.